Pini Ishirini za Shehena Moja

Karakanani walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, hata wale waliomzidi umri. Jina lenyewe lilimfuata kutoka nyumbani. Binti wa kaka yake, ambaye alimlea tangu ana miaka sita baada ya kaka kufariki, aliajiriwa kuwa rubani kwenye kampuni ile ile, na siku ya kwanza tu alisimama mlangoni mwa karakana akaita kwa sauti, "Shangazi! Umesahau chakula chako!" Mafundi kumi na wanne waligeuka kwa pamoja. Tangu siku hiyo jina lake la kwenye vyeti likabaki kwenye vyeti. Na hilo la Shangazi lilimkaa, maana ulimi wake ulikuwa wa shangazi hasa, ule unaokukemea na kukulisha kwa pumzi moja.

Binti naye hakukosa lake. Alikuwa mfupi, na kila akikalia kiti cha rubani ilibidi kipandishwe na kusogezwa mbele mpaka mwisho. Wakamwita Kapteni Nusu. Hakukasirika. "Nusu yangu inawatosha," aliwajibu, na kweli iliwatosha.

Miaka michache nyuma, kampuni hiyo ya ndege ilikuwa kama nyumba ya mitala. Ilikuwa na ndege kumi za aina tano, na kila aina ilikuwa na jiko lake, sufuria zake na masharti yake. Tairi la hii halikuingia kwenye ile. Fundi aliyesomea hizi alizitazama zile kama mgeni anavyotazama ukumbi wa harusi asiyoalikwa. Rubani akiumwa tumbo, ndege yake inalala, hata kama marubani sita wako pale wanapiga soga, kwa sababu hakuna hata mmoja mwenye kibali cha kuirusha. Mzee wa stoo, ambaye wote walimwita Funguo kwa ajili ya fungu la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, alikuwa na rafu tano zilizojaa vipuri mpaka darini, na bado kile unachokihitaji leo ndicho ambacho hakipo.

Uongozi ulipotaka kuziuza zote na kuleta ndege nane za aina moja, Shangazi alikuwa wa kwanza kusimama kikaoni kuunga mkono. Alikuwa mkaguzi mkuu wa mafundi, mwenye muhuri wake mwenyewe, na neno lake lilikuwa na uzito. "Mwili mmoja, dawa moja," alisema. "Nikimfundisha fundi leo, nimemfundisha kwa ndege nane." Na ikawa hivyo. Ndege zikaja, zote pacha, zenye pangaboi mbili na viti sabini, zikapewa namba badala ya majina, Namba Moja mpaka Namba Nane. Marubani wote walipelekwa chuo kimoja nje ya nchi wakakaa kwenye mashine moja ya mazoezi. Mafundi nao walisoma huko huko, pamoja na mafundi wa kampuni nyingine zenye ndege za aina hiyo. Kipuri cha Namba Moja kiliingia Namba Nane bila kusukumwa. Rafu za Funguo zikabaki mbili, akapata hata nafasi ya kuweka kiti. Safari za kuahirishwa zikapungua mpaka abiria wakasahau kulalamika.

Ndipo Shangazi akaongeza la kwake. Aliandika pendekezo kwamba vipuri vipya visipimwe kimoja kimoja vinapoingia, bali vipimwe kimoja katika kila kumi. Vimetoka kiwanda kimoja, mashine moja, siku moja. Ukionja kijiko kimoja umeijua ladha ya chungu kizima. Uongozi ulipenda, akapiga muhuri.

Funguo peke yake ndiye aliyeguna. "Mitala ilikuwa na kero zake, Shangazi," alisema huku akijaza fomu, "lakini mafua ya mke mmoja hayakuwalaza wote watano."

"Wewe unalilia rafu zako," Shangazi alimjibu, na wakacheka.

Miezi minane kabla ya siku ninayoisimulia, watengenezaji wa ndege walileta pini mpya za miguu. Kila ndege ina miguu miwili mikubwa chini ya mabawa, na kila mguu umeshikwa juu na pini moja ya chuma, nene kama mkono wa mtoto mchanga, urefu wa shubiri moja na nusu. Pini hiyo ndiyo inayopokea uzito wote ndege inapogusa ardhi. Zilikuja ishirini, shehena moja. Shangazi alipima mbili, zote safi. Kumi na sita zikafungwa kwenye ndege nane, nne zikabaki stoo kwenye maboksi yake.

Jumanne moja, saa mbili na robo asubuhi, Shangazi alikuwa amechuchumaa chini ya Namba Sita iliyokuja kwa ukaguzi wa kawaida. Alimulika tochi juu ya mguu wa kushoto, akaizima, akaiwasha tena. Grisi ya pale huwa na rangi ya asali. Hii ilikuwa imegeuka kahawia, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akaichota kwa kidole, akaisugua. Ilikuwa na punjepunje. Kutu.

"Pandisheni jeki," aliwaambia mafundi wawili waliokuwa karibu. "Nitoleeni pini hii."

Kupima chuma kwa dawa nyekundu ni kazi ya subira. Unakisafisha, unakipaka dawa, unasubiri dakika ishirini iingie popote palipo na upenyo, kisha unaifuta mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mwisho unapulizia unga mweupe. Chuma kikiwa kizima kinabaki cheupe kama sahani. Kikiwa na ufa, dawa iliyojificha ndani inapanda juu yenyewe.

Saa tatu na robo, mstari mwekundu ulitokea. Ulikuwa mwembamba kama unywele, na ulikuwa umeizunguka pini karibu nusu.

Fundi mmoja alipiga mluzi, Shangazi akamnyamazisha kwa jicho. Kichwani mwake mambo mawili yalianza kukimbizana. La kwanza lilisema: pini hii ina ndugu kumi na tisa. La pili lilisema: Namba Sita ilitua vibaya mwezi uliopita siku ya mvua, ilijibamiza, marubani wenyewe waliandika, ufa huu ni wa siku ile, wala hauna ndugu. Hili la pili lilikuwa tamu zaidi, naye akalishika kama mtu anavyoshika kamba.

Hata hivyo alikwenda stoo. "Nipe zile nne," alimwambia Funguo.

"Zote?"

"Zote, na usiniulize."

Funguo hakumuuliza. Alizileta mwenyewe, maboksi yamefungwa bado, akayapanga mezani kama mayai. Shangazi alizifungua, akazisafisha, akazipaka dawa. Mikono yake ikawa myekundu mpaka kwenye vifundo. Kisha akasubiri, macho kwenye saa ya ukutani.

Ni wakati huo akisubiri ambapo Kapteni Nusu alipita mlangoni na begi lake la safari, kofia kwapani. Alikuwa na Namba Mbili siku hiyo, kwenda na kurudi.

"Shangazi, jioni nitakukuta nyumbani au utalala humu na hawa wachawi wako?" Halafu akaona. "Mbona mikono imekuwa hivyo?"

"Dawa tu."

"Kuna tatizo?"

Shangazi alitazama pini nne zilizolala mezani, zimelowa nyekundu, bado dakika kumi na mbili. Hakuwa na uhakika. Na mkaguzi asiye na uhakika hasimamishi ndege yenye watu sitini na wanne kwa sababu ya wasiwasi. Ndivyo alivyojiambia.

"Namba Sita tu," alisema. "Nenda mwanangu, usichelewe."

Binti akaenda.

Saa tatu na dakika hamsini Shangazi alisikia pangaboi zikishika kasi upande wa pili wa ukuta. Alikuwa ameshika kitambaa, anafuta pini ya mwisho. Sauti ilipita juu ya bati, mataa ya dari yakatetemeka kidogo kama kawaida yake, kisha ikaenda ikififia. Alipulizia unga. Pini ya kwanza ikabaki nyeupe. Ya pili nyeupe. Akaanza kupumua.

Ya tatu ikatoa mstari.

Ya nne nayo, mstari mrefu kuliko ule wa Namba Sita. Na pini hiyo haikuwahi kubeba hata kilo moja. Ilikuwa imetoka kwenye boksi.

Funguo alikuwa amesimama nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, funguo zake hazikulia. "Zimezaliwa nazo," alisema polepole.

"Zimezaliwa nazo," Shangazi alijibu, na sauti yake ilimtoka kama ya mtu mwingine.

Meneja wa matengenezo, kwa jina la mtaani Dakika Tano kwa kuwa kwake hakuna kazi inayozidi muda huo, alikuwa ofisini kwake anazungumza kwa simu. Shangazi aliweka pini mbili juu ya karatasi zake. Unga mweupe ukamwagika. Meneja alikata simu.

"Hii ya Namba Sita. Hii ya stoo, mpya. Ni moja kati ya mbili zenye ufa kule, Bwana Meneja. Nimepima tano, tatu mbovu."

Meneja aliinama akazitazama kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga. Rangi ilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Ziko wapi ndege?"

"Sita na Nane zipo karakana. Tatu zipo chini kwenye vituo vingine, zinapakia. Tatu zipo angani."

"Nikisema zisimame, zinasimama zote. Unanielewa? Zamani aina moja ikiugua, nyingine zinabeba. Sasa sina hata bawa moja la kuhamisha abiria."

"Nakuelewa. Nilikuwa kwenye kikao hicho."

"Nani alizipokea hizi pini?"

"Mimi."

"Nani aliandika zipimwe moja kwa kumi?"

"Mimi. Muhuri ni wangu."

Meneja alimtazama. "Unajua maana yake, Shangazi?"

"Ningekuwa sijui ningemtuma mtu. Piga simu, baba. Tafadhali."

Akapiga. Ndege tatu zilizokuwa chini zikasimamishwa, moja ikiwa imeshafunga milango. Zilibaki tatu za angani, na hizo hakuna amri ya kuzisimamisha. Ndege huwezi kuiegesha mawinguni umpelekee fundi. Lazima ishuke, na kushuka ndiko kwenyewe kunakoivunja pini.

Hapo ndipo Shangazi alipoona kwa macho yake kile alichokipigania kikaoni, na hakikumfurahisha hata kidogo. Ujumbe ulioandikwa ulikuwa mmoja, mistari mitano. Zamani ungehitaji kuita wakufunzi watano na vitabu vitano. Sasa mnara wa kuongozea ndege uliwasomea marubani watatu maneno yale yale, nao wakajibu maneno yale yale: choma mafuta mpaka ndege iwe nyepesi, tumia njia ndefu ya kutua, gusa taratibu, usikanyage breki, usikate kona, simama pale pale. Wote walishawahi kulifanya zoezi hilo kwenye mashine ile moja chuoni, kiti kile kile, sauti ya mwalimu yule yule. Kapteni Nusu aliambiwa ageuze, arudi nyumbani, kwa sababu hapa njia ni ndefu na magari ya zimamoto ni mawili.

"Nimepokea," sauti yake ilisema kwenye redio iliyokuwa mezani kwa meneja. "Mguu upi?"

Meneja alimtazama Shangazi. Shangazi akatikisa kichwa.

"Hatujui," meneja alijibu. "Wowote. Au hakuna."

"Sawa. Nitawaambia abiria ukweli. Wana haki."

Saa tano na nusu habari ikaja kwamba Namba Tano imeshuka salama kituo cha mbali. Saa tano na dakika hamsini, Namba Moja nayo. Watu walishangilia ofisini, mtu akampiga Shangazi begani. Yeye hakushangilia. Alikuwa na hesabu ndogo kichwani isiyotaka kutoka: tatu kati ya tano. Kila mguu uliopita salama uliusogezea zamu mguu uliobaki.

Saa sita na robo alikuwa amesimama kando ya gari la zimamoto, kwenye nyasi zilizokatwa, jua la utosi, na lami ya njia ya ndege ikitoa mvuke mbele yake. Hakukuwa na upepo. Mafundi wote kumi na wanne walikuwa wametoka. Hakuna aliyewaita. Namba Mbili ilikuwa imezunguka juu kwa zaidi ya saa nzima ikimaliza mafuta, inapita, inaenda, inarudi, kama ndege anayekiogopa kiota chake.

Ilishuka kwa adabu. Shangazi, ambaye ameona ndege zikitua tangu ujana wake, hakuwahi kuona tairi zikigusa lami kwa upole ule. Hakukuwa hata na moshi. Pua ikashuka, mwendo ukapungua, ikapita mbele yao, mita mia tano, mia sita, mia saba. Dereva wa zimamoto alisema, "Kumbe..." na hakumalizia.

Ulisikika mlio mmoja mkavu, kama mtu amepasua ubao kwa goti. Mguu wa kulia ulikunjika kuelekea nyuma. Bawa likalala, pangaboi ikapiga lami na kutawanyika vipande vipande, na ndege nzima ikajizungusha upande, inajikokota kwenye cheche mpaka kwenye nyasi, ikasimama imeinama kama mnyama aliyepiga goti.

Shangazi hakumbuki kukimbia. Anakumbuka harufu ya mafuta, povu jeupe likimwagika, na mlango wa kushoto ukifunguka. Watu walianza kuteremka. Mama mmoja alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi kama anayetoka sebuleni kwa watu. Mzee aliyevunjika mkono aliushikilia kwa mkono mwingine, anaomba radhi kwa kuwachelewesha walio nyuma. Mhudumu wa ndege alikuwa na damu usoni. Kipande cha pangaboi kilikuwa kimetoboa dirisha. Abiria sitini, na wafanyakazi wanne. Shangazi aliwahesabu kwa sauti, mmoja mmoja. Wa sitini na nne alikuwa mfupi, bila kofia.

Alikwenda kumkumbatia. Binti alikubali kukumbatiwa, lakini mikono yake ilibaki chini.

"Shangazi," alisema sikioni mwake, "mlijua saa ngapi?"

"Saa nne kasoro tano."

"Niliruka saa tatu na hamsini."

"Ndiyo."

"Ile ya Namba Sita ilionekana saa ngapi?"

Shangazi angeweza kusema lolote. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa haijaandikwa bado. "Saa tatu na robo," alisema. "Ulipopita mlangoni nilikuwa nimeshaiona. Nilitaka kuwa na uhakika."

Binti alijitoa taratibu kwenye mikono yake. Alimtazama kwa macho ya baba yake, kaka wa Shangazi, macho yale yale ya hasira isiyo na kelele. "Uliniambia nisichelewe," alisema. Kisha akageuka akaenda kukaa na mhudumu wake, akamshikia kitambaa usoni mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Siku tatu zilizofuata karakana haikutoa sauti nyingine zaidi ya jeki na nyundo. Ndege zilizokwama vituoni zilifuatwa huko huko na mafundi. Pini zote kumi na sita zilitolewa, zikapakwa, zikapuliziwa unga, zikapangwa kwenye meza ndefu ya stoo. Tisa zilikuwa na ufa. Pini ya kushoto ya Namba Mbili ilikatika mikononi mwa fundi wakati anaivuta, bila nguvu. Saba zilikuwa nzima, na mbili nzima za maboksi zikafanya tisa. Kwa hizo tisa walizikamilisha ndege nne, miguu minane, na pini moja ikabaki. Pini ya Namba Tatu iliingia Namba Saba, ya Namba Moja ikaingia Namba Nne, bila kusukumwa, kama ilivyoahidiwa. Ijumaa asubuhi ndege nne ziliruka. Dakika Tano alisema lau ingekuwa enzi za mitala wangekaa chini mwezi mzima wakisubiri vipuri. Funguo alimjibu kwamba enzi za mitala zingekaa chini ndege mbili tu. Wote walikuwa wakweli, na hakuna aliyecheka.

Kamati ya uchunguzi ilikuwa ya watu watatu, meza moja na jagi la maji. Kabla Shangazi hajaingia, meneja alimvuta pembeni. "Wewe waeleze tu kwamba dawa inahitaji muda wake. Dakika ishirini, dakika kumi. Hiyo si uongo. Hakuna aliyeweza kujua mapema."

"Ile ya kwanza dawa ilishanionyesha kabla hajaruka," Shangazi alisema.

Akawaeleza yote: kijiko na chungu, muhuri, mvua ya mwezi uliopita aliyoitumia kujifariji, binti mlangoni, mikono myekundu. Mmoja wa kamati aliacha kuandika. Wakamshukuru. Wiki iliyofuata wakamnyang'anya muhuri kwa mwaka mmoja, na wakaamuru kila kipuri kipimwe, kimoja kimoja, mpaka mwisho wa dunia. Alikubali yote mawili bila kukata rufaa. Nyumbani, binti alikuwa amehamia kwa rafiki yake. Alituma ujumbe kuuliza kama Shangazi anakula. Hakusema atarudi lini, na Shangazi hakumuuliza.

Sasa, mtu asiye na muhuri karakanani ni kama mwalimu asiye na darasa. Walimpa kiti stoo kwa Funguo, akawa anapanga risiti na kuandika barua. Barua yake ya kwanza ilikwenda kwa watengenezaji wa pini, akiuliza swali moja ambalo kamati haikuliuliza: pini zenye namba ile ya shehena zilikuwa ngapi kwa jumla?

Jibu lilifika baada ya siku nne, kwa adabu nyingi. Tatizo lilikuwa kwenye jiwe la kusagia chuma lililopitiliza moto. Mashine iligundulika na kurekebishwa. Pini zilizopita hapo zilikuwa mia tatu na tisini. Zilisambazwa kwa kampuni kumi na moja. Barua rasmi ya tahadhari inaandaliwa na itawafikia wote ndani ya siku saba za kazi.

Shangazi aliisoma mara mbili, akampa Funguo. Funguo aliivaa miwani yake, akaisoma huku midomo ikitembea.

"Siku saba za kazi," alisema. "Jumamosi na Jumapili pini zinapumzika?"

Shangazi alikuwa tayari anapekua simu yake. Kule chuoni, wiki sita walizosoma pamoja, walikuwa mafundi ishirini na wawili kutoka kampuni mbalimbali, wanakula meza moja, wanachekana lafudhi, wanaifungua ndege ile ile asubuhi hadi jioni. Mwisho walibadilishana namba, wakaahidiana salamu za sikukuu, na kama ilivyo kawaida ya ahadi hizo, hakuna aliyezituma. Lakini namba zilikuwepo. Alikuwa hana muhuri, hana cheo, na hakuna aliyemtuma. Safari hii hakusubiri uhakika.

Wa kwanza hakupokea. Wa pili alipokea, akasikiliza, akasema ndege zao mbili zipo chini na hazitaruka leo, asante dada, Mungu akuzidishie. Wa tatu alimuuliza kwa ukali barua rasmi iko wapi, naye akamsomea ile aliyopewa, neno kwa neno, mpaka ukali ukaisha. Wa nne aliacha kazi, lakini alitoa namba ya aliyemrithi. Funguo alikuwa ameyaandika majina kumi na manne ya kampuni nyingine kwenye karatasi, anaweka alama. Kwa saa nzima walipata kampuni tano.

Wa tisa kwenye orodha alikuwa fundi mmoja mcheshi ambaye chuoni walimwita Bwana Pilipili. Alipokea kwa kelele za furaha. "Shangazi! Bado unafoka?" Nyuma yake ilisikika karakana: nyundo, mtu anaimba, mlango wa bati unaburutwa. Karakana kama hii hii.

"Nisikilize kwanza," Shangazi alisema. "Pini za miguu mlizofunga mwaka huu. Nisomee namba ya shehena."

"Subiri." Karatasi zikapekuliwa. Akaisoma, tarakimu kwa tarakimu, na Funguo akaifuata kwa kalamu. Alipofika tarakimu ya mwisho, Funguo aliweka kalamu chini.

"Ni hiyo," Shangazi alisema. "Zina ufa, ndugu yangu. Nusu yake zimetoka kiwandani na ufa. Ya kwetu imeshavunjika. Mna ndege ngapi, na ziko wapi sasa hivi?"

Vicheko vilikwisha upande ule. "Tatu," alisema Bwana Pilipili. "Mbili ziko mbele yangu hapa. Moja..." Akasimama. "Shangazi, moja ndiyo inawasha injini."

"Basi usiseme na mimi!"

Simu ilianguka juu ya kitu cha chuma. Haikukatika. Shangazi na Funguo waliinamia mezani, vichwa vikigusana, wakasikia viatu vinakimbia juu ya sakafu ya saruji, na sauti ya mtu inayopaa, inaita, inaita tena, na nyuma yake pangaboi zikianza kushika kasi.

Walikaa hivyo dakika nzima, labda mbili. Kisha ule mvumo ukabadilika. Haukupanda. Ulishuka, ukashuka zaidi, ukakatika, na karakana ile ya mbali ikawa kimya kabisa.

Shangazi alifumba macho. Funguo alichukua kalamu, akaweka alama mbele ya jina la tisa, akamsogezea karatasi. Majina matano yalikuwa yamebaki, na saa ilikuwa inakwenda saa nne na nusu, wakati ndege za asubuhi zinapoanza kurudi chini.